Dini kwa Lugha ya Nyumbani: Mashairi ya Wakurdi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  

Somo letu la leo ni juu ya mashairi ya dini ya Wakurdi. Najua pengine mmoja wenu atasema, "Bwana Elimu, mbona watupeleka mbali? Sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika, na hao Wakurdi hatuwajui." Ni kweli, kwao ni mbali. Lakini nina sababu ya kuwapeleka huko. Wakurdi ni watu ambao kwa miaka mingi wengi wao hawakujua kusoma, na hata hivyo waliijua dini yao vizuri, kwa lugha yao wenyewe. Waliijuaje? Waliijua kwa mashairi. Tena kuna kitu kimoja kilichotoka katika ukoo wa Kikurdi kikafika mpaka pwani yetu, na wengi wenu mmekisikia tangu utoto bila kujua asili yake. Nitawatajia mbele kidogo. Sikilizeni kwa makini.

WAKURDI NI NANI?

Mwalimu, kama una ramani ya dunia, itundike ukutani. Tafuteni Bahari ya Shamu, kisha pandeni kaskazini mpaka mwone nchi nne zilizopakana: Uturuki, Iraki, Irani ambayo wazee wetu waliiita Uajemi, na Syria. Mahali nchi hizo zinapokutana pana milima mikubwa. Huko ndiko kwao Wakurdi. Hesabu yao yapata watu milioni 30 au zaidi, lakini hawana dola yao wenyewe. Mipaka ya nchi hizo nne imewagawa.

Lugha yao ni Kikurdi. Si Kiarabu, wala si Kituruki. Ni jamaa ya Kiajemi. Kama Kiswahili kilivyo na Kiamu, Kimvita na Kiunguja, Kikurdi nacho kina lahaja zake. Kubwa ni mbili: Kikurmanji upande wa kaskazini, na Kisorani upande wa kati, katika Iraki na Irani.

Wakurdi wengi ni Waislamu wa Sunni, na wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, yale yale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Wako pia Wakurdi wenye dini na njia nyingine, kama Wayazidi na Waalevi, nao wana mashairi yao matakatifu. Leo tutasema juu ya wale wa Sunni.

Nisaidieni sasa kusoma majina. Wakurdi wa Uturuki huandika kwa herufi za Kilatini kama sisi, lakini herufi zao nyingine husomwa vingine. Mkiona X, isomeni KH. Mkiona C, isomeni J. Basi jina Xanî ni "Khani", na jina Cizîrî ni "Jiziri". Kofia juu ya herufi huonyesha kwamba sauti yake huvutwa.

CHUO CHA KIJIJINI

Zamani, katika vijiji vingi vya Wakurdi palikuwa na chuo karibu na msikiti. Wao hukiita medrese. Mwalimu wake huitwa mela, na mwanafunzi huitwa feqî. Wanafunzi walitoka mbali, wakahama kutoka chuo hata chuo kumfuata mwalimu hodari. Hawakuwa na fedha. Wenyeji wa kijiji ndio waliowalisha, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, mkate na maziwa ya mgando.

Kitabu cha kwanza kilikuwa Kurani, nayo ni kwa Kiarabu. Vitabu vya sheria na sarufi pia vilikuwa kwa Kiarabu. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mtoto wa mchungaji wa mbuzi, ambaye mama yake amemlea kwa Kikurdi, atafahamuje? Anaweza kukariri sura nzima bila kuelewa neno moja. Nadhani jambo hili si geni kwenu. Wengi wetu tulipita chuoni, tukasoma kwa sauti kubwa, mwalimu akaridhika, na maana hatukuijua.

Basi wako wanazuoni wa Kikurdi waliolitazama jambo hili, wakalitafutia dawa. Dawa yenyewe ilikuwa shairi kwa lugha ya nyumbani.

KITABU CHA WATOTO

Mmoja wao ni Ehmedê Xanî. Alizaliwa karibu na mwaka 1651, akafariki mwaka 1707. Kaburi lake liko Bayazid, mashariki ya Uturuki, na watu hulizuru hata leo. Xanî anajulikana sana kwa hadithi yake ndefu ya mapenzi iitwayo Mem û Zîn. Lakini leo nataka mkijue kitabu chake kidogo.

Mwaka 1683 Xanî alitunga kitabu kiitwacho Nûbihara Biçûkan. Maana yake ni kama kusema "Machipuko ya Watoto Wadogo". Ni kamusi ya Kiarabu na Kikurdi, lakini kamusi iliyotungwa kwa mashairi. Neno la Kiarabu linakuja, na neno la Kikurdi linafuata, kwa vina na mizani. Mwenyewe anaeleza kwamba hakukiandikia wakubwa wenye vyeo. Alikiandikia watoto wa Wakurdi, ili wakimaliza Kurani wapate njia nyepesi ya kuendelea na elimu.

Kazi hiyo huendaje? Hebu nitunge mfano mdogo wa Kiswahili, kwa ajili ya somo hili tu:

Shamsu ni jua angani,
kamari mwezi gizani;
maa ni maji mtoni,
naari moto jikoni.

Someni wote pamoja mara tatu. Haya, fungeni karatasi. Maji kwa Kiarabu ni nini? Moto ni nini? Mmeona! Mmejifunza maneno manne ya Kiarabu kwa muda mfupi, wala hamkuandika kitu. Hesabuni silabi za kila mstari, mtaona ni nane. Sikilizeni mwisho wa kila mstari, mtasikia NI. Hivyo ndivyo vina na mizani vinavyofanya kazi. Mizani ni kama kikapu, na kina ni kama kamba ya kufungia mdomo wa kikapu, maneno yasimwagike.

Tena shairi hujilinda lenyewe. Msomaji akiruka neno, mizani huchechemea, na msikilizaji hushtuka hata kama hajui kusoma. Mzee asiyejua herufi moja anaweza kumsahihisha kijana mwenye kitabu mkononi. Hilo si jambo dogo.

Xanî alitunga pia shairi linaloeleza nguzo za imani kwa Kikurdi. Baada yake Mela Xelîl wa mji wa Siirt, aliyefariki mwaka 1843, alifanya kazi ya namna hiyo kwa Kikurmanji. Na upande wa Wasorani, mshairi aitwaye Mewlewî, aliyeishi mwaka 1806 mpaka 1882, naye aliziweka itikadi za dini katika mashairi ya Kikurdi. Kwa hiyo mvulana wa chuo aliweza kuwaimbia wazazi wake jioni yale aliyojifunza asubuhi, na wazazi wakaelewa. Mwanafunzi mmoja akawa mwalimu wa nyumba nzima.

USIKU WA MAULIDI

Sasa tutoke chuoni tuingie majumbani. Shairi la dini linalojulikana kuliko yote kwa Wakurdi wa kaskazini ni Mewlûd, yaani Maulidi, ya Melayê Bateyî. Jina lake maana yake ni mela wa Bate, na Bate ni kijiji katika milima ya Hakkari. Maulidi yake husimulia kuzaliwa kwa Mtume Muhammad kwa Kikurmanji, kwa mistari inayokwenda miwili miwili yenye kina kimoja. Hutangulia kumhimidi Mungu, kisha huja habari za nuru ya Mtume, wazazi wake, usiku wa kuzaliwa kwake, na mwisho dua.

Husomwa lini? Husomwa katika mwezi wa Mfungo Sita, kama kwetu. Lakini si wakati huo tu. Husomwa mtoto akizaliwa au akitahiriwa, husomwa harusini, husomwa haji akirudi Makka, mtu akihamia nyumba mpya, mgonjwa akipona na jamaa wakatimiza nadhiri yao. Husomwa pia matangani. Kwa hiyo Mkurdi wa kijijini huweza kuisikia Maulidi hiyo mara nyingi katika maisha yake, tangu yumo mgongoni mwa mama yake hata siku jamaa wanapomsomea yeye.

Mwenye nyumba hualika jirani. Wageni huketi juu ya mazulia kuzunguka ukuta. Mela au msomaji mwenye sauti nzuri huanza, na watu humwitikia kwa kumsalia Mtume. Akifika mahali pa kuzaliwa, wote husimama kwa heshima. Baadaye hunyunyiziwa marashi ya mawaridi, hugawiwa tamutamu au sharubati, kisha hula wali na nyama. Wanawake nao huwa na mkutano wao, na wako miongoni mwao wasomaji wanaoijua Maulidi kwa moyo tangu mwanzo hata mwisho.

Wanawake wa pwani mnaonisikiliza, nadhani mnacheka, kwa sababu hakuna hata moja hapo lisilofanana na kwenu.

Historia ya maulidi nayo imepita katika nchi hiyo. Mji wa Arbil, ambao leo ni mji mkuu wa jimbo la Wakurdi katika Iraki, ulitawaliwa mpaka mwaka 1233 na mfalme Gökböri. Yeye hakuwa Mkurdi, alikuwa Mturkomani, na mkewe alikuwa dada yake Sultani Salahuddin, ambaye ukoo wake ni wa Kikurdi. Mfalme huyo alisifika kwa kuadhimisha maulidi kwa fahari kubwa. Mwanachuoni Ibn Khallikan, aliyezaliwa Arbil mwaka 1211, ameandika jinsi watu walivyokuja kutoka miji ya mbali, na jinsi wanyama wengi walivyochinjwa, na maandamano ya mishumaa usiku.

Niseme neno hapa. Wako Waislamu, huko na huku, wasiokubali kusoma maulidi. Husema haikuwako wakati wa Mtume. Wengine hujibu kwamba ni kumbukumbu njema na mafundisho. Si kazi ya somo hili kuamua. Kazi yetu leo ni kuona jinsi watu walivyojifunza.

DUFU NA DHIKRI

Iko pia aina ya tatu ya mashairi, nayo ni ya masufi. Bingwa wake kwa Kikurmanji ni Melayê Cizîrî, yaani mela wa Jizira, mji ulio kando ya mto Tigri. Alizaliwa karibu na mwaka 1570, akafariki karibu na mwaka 1640. Kaburi lake liko katika chuo cha zamani mjini humo kinachoitwa Chuo Chekundu. Mashairi yake yamejaa maneno ya mapenzi, uzuri na kiu, lakini mapenzi yenyewe ni ya mtu kwa Mola wake. Ni magumu, maana amechanganya maneno ya Kiarabu na Kiajemi. Wanafunzi wa vyuo waliyaimba, na mela aliyaeleza maana yake.

Mwingine ni Feqiyê Teyran, maana yake "mwanachuo wa ndege". Yeye alipenda maneno mepesi ambayo mkulima na mchungaji huyafahamu. Na upande wa Wasorani, katika mji wa Sulaymaniyah, yuko Mahwî, aliyefariki mwaka 1906. Alikuwa na zawia yake mjini humo, akifundisha na kutunga.

Mashairi ya namna hii huimbwa katika zawia za tarika. Tarika kubwa kwa Wakurdi ni mbili. Ya kwanza ni Naqshibandi, iliyoenezwa sana na Mawlana Khalid, Mkurdi aliyezaliwa karibu na Sulaymaniyah akafariki Dameski mwaka 1827. Dhikri yao ni ya kimya, moyoni. Ya pili ni Kadiria, ya Sheikh Abdulkadir Jilani wa Baghdadi, ambayo hata kwetu ina wafuasi wengi. Dhikri ya Kadiria ni ya sauti, na kwa Wakurdi, hasa katika mji wa Sanandaj huko Irani, hupigwa ngoma waiitayo def. Ni duara la mti lililowambwa ngozi upande mmoja, na kwa ndani lina pete nyingi za chuma. Ikitikiswa hulia kama mvua juu ya bati. Jina hilo def ni ndugu wa neno letu dufu.

MAULIDI YA BARZANJI

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilisema kiko kitu kilichotoka katika ukoo wa Kikurdi kikafika kwetu. Nani kati yenu hajasikia Maulidi ya Barzanji? Husomwa Unguja, husomwa Mombasa, Tanga, Bagamoyo, na bara pia. Basi Barzanji ni jina la nini?

Barzinja ni kijiji cha Wakurdi katika milima karibu na Sulaymaniyah, Iraki. Masharifu wa kijiji hicho huitwa Barzanji, maana yake watu wa Barzinja. Mmoja wao, mwanachuoni Muhammad Barzanji, alizaliwa katika nchi ya Shahrazur, akahamia Madina, akafariki huko mwaka 1691. Katika kizazi chake akatokea Jaafar Barzanji, mufti wa Mashafii wa Madina, aliyefariki katika miaka ya 1760. Huyo Jaafar ndiye aliyetunga maulidi tunayoyasoma. Aliyatunga kwa Kiarabu, kwa sababu aliishi Madina na aliwaandikia Waislamu wote. Kwa hiyo jina la kijiji cha milimani, chenye theluji wakati wa baridi, hutajwa kila mwaka chini ya minazi yetu.

Lakini tazameni jambo lingine. Sharifu mmoja wa Lamu, Sayyid Abubakar bin Abdulrahman, aliyejulikana kwa jina la Sayyid Mansab, akafariki mwaka 1922, aliyatia Maulidi ya Barzanji katika mashairi ya Kiswahili. Kwa nini? Kiarabu alikijua sana, wala hakukidharau. Alitaka wenzake waelewe walichokuwa wakikiitikia. Basi Melayê Bateyî katika milima ya Hakkari na Sayyid Mansab katika kisiwa cha Lamu hawakuonana kamwe, lakini walikuwa na fikira moja: neno linalofahamika ndilo linalokaa moyoni.

MILANGO ILIPOFUNGWA

Sasa nafika penye uzito wa somo. Baada ya vita vya 1914 mpaka 1918 dola ya zamani ya Waturuki ilianguka, na mwaka 1923 ikazaliwa Jamhuri ya Uturuki. Serikali mpya ilitaka nchi yenye lugha moja na shule za namna moja. Tarehe 3 Machi 1924 ilitolewa sheria ya kuweka shule zote chini ya serikali, na vyuo vya dini vikafungwa. Tarehe 30 Novemba 1925 zawia za tarika nazo zikafungwa. Mwaka 1928 herufi za Kiarabu ziliondolewa, zikawekwa za Kilatini. Katika shule mpya hapakuwa na nafasi ya Kikurdi. Baadaye, mwaka 1983, ilitungwa sheria iliyozuia kuchapisha vitabu kwa Kikurdi, na haikufutwa mpaka mwaka 1991.

Fikirini hali ya mtu wa kijijini wakati huo. Chuo kimefungwa. Kitabu cha lugha yake hakiuzwi dukani. Mtoto wake akienda shule anafundishwa kwa lugha ambayo mama haijui. Dini na lugha yake vitakaa wapi?

Vilikaa kinywani. Usiku wa maulidi uliendelea, kwa sababu haukuhitaji chuo wala kibali cha kuchapa. Ulihitaji nyumba, jirani, na mtu mmoja mwenye Bateyî kifuani. Mela wengine waliendelea kufundisha kwa siri, na wanafunzi wakanakili vitabu kwa mkono. Vitabu vilifichwa. Ndiyo sababu watu wengi ambao hawakuwahi kusoma Kikurdi shuleni hata siku moja walikua wakisikia Kikurdi kizuri cha zamani, kilichopangwa vizuri, katika mashairi ya dini.

Lakini kinywa peke yake hakitoshi. Shairi likijulikana na watu kumi, na kumi wakafa, limekwisha. Kwa hiyo wako Wakurdi walioshika kalamu. Mwaka 1899 mwanachuoni Ehmedê Xasî alichapisha huko Diyarbakır Maulidi kwa lugha ya Kizaza, jamaa ya Kikurdi, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kizaza. Mwaka 1932, huko Dameski, Celadet Alî Bedirxan alianzisha gazeti liitwalo Hawar, na humo akaweka alfabeti ya Kilatini kwa Kikurdi, ile ile niliyowafundisha leo kuisoma.

Siku hizi hali imebadilika. Katika Iraki, katiba ya mwaka 2005 imekifanya Kikurdi kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu. Katika Uturuki, televisheni ya serikali ilianza matangazo ya kila siku ya Kikurdi mwaka 2009, na tangu mwaka 2012 mwanafunzi anaweza kukichagua Kikurdi kuwa somo la ziada shuleni. Maulidi ya Bateyî huchapwa na kuuzwa. Hata hivyo imebaki shida moja. Babu amesoma Bateyî kwa herufi za Kiarabu, mjukuu anajua za Kilatini. Kitabu cha babu mjukuu hawezi kukifungua. Wakikaa pamoja, babu akisoma kwa sauti, mjukuu huelewa. Kalamu iliwatenga, na sauti ikawakutanisha.

NA SISI JE?

Wanafunzi wangu, shida hiyo ya babu na mjukuu haiko kwa Wakurdi tu. Kiswahili nacho kiliandikwa miaka mingi kwa herufi za Kiarabu. Tenzi, barua za biashara, wasia, dua, vyote viliandikwa hivyo. Katika nyumba nyingi za pwani mna karatasi za namna hiyo ndani ya kasha, na vijana wa nyumbani hawawezi kuzisoma. Mchwa wao hawachagui herufi.

Na walio mbali na pwani nao wana mali yao: nyimbo za kumfunda mwali, nyimbo za mavuno, maombi ya wazee, tenzi za kanisani na za msikitini. Vingi kati ya hivyo viko kinywani tu.

Wako kati yenu wanaoona haya kuja darasani wakiwa na mvi. Wanasema, "Mimi nimechelewa, sijui kitu." Si kweli. Mtu aliyehifadhi utenzi wenye beti mia ana kitabu kizima kichwani. Anachokosa ni herufi tu, na herufi za Kiswahili ni chache. Tena nawaambia jambo ambalo walimu wengi wameliona: mtu husoma upesi zaidi maneno ambayo tayari anayajua kwa moyo. Jicho likikwama, sikio hulisaidia.

Basi kazi yenu ya juma hili ni hii. Kila mmoja achague mistari minne anayoijua kwa moyo tangu utoto, ya dini au ya kazi au ya kulea. Aiandike kwa mkono wake. Asiyeweza bado kuandika peke yake, amtajie mwenzake, na wote wawili wasome pamoja. Kisha amwendee mzee mmoja, bibi au babu, amwombe mistari mingine minne asiyoijua, naye aiandike pamoja na tarehe na jina la kijiji. Mzee aombwe kwa adabu, wala asiharakishwe.

Mkifanya hivyo, madaftari yenu yatakuwa na kitu ambacho hakipatikani katika duka lo lote la vitabu. Na mtakuwa mmefanya kazi ile ile aliyoifanya feqî wa milimani aliyenakili Bateyî kwa taa ya mafuta, mlango ukiwa umefungwa. Ninyi mlango wenu uko wazi. Ingieni.

 Juma lijalo tutaendelea na somo la hesabu za duka. 

MANENO YA KUJIFUNZA

Lahaja: namna ya kusema lugha moja katika sehemu fulani.
Kukariri: kusema maneno uliyoyaweka kichwani bila kutazama kitabu.
Kunakili: kuandika tena maneno ya kitabu kama yalivyo.
Zawia: nyumba ya watu wa tarika wanapokutana kwa dhikri.
Nadhiri: ahadi mtu anayomwekea Mungu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Wakurdi wengi wanaishi katika nchi zipi nne? Zionyeshe katika ramani.
2. Kwa nini Ehmedê Xanî aliifanya kamusi yake kuwa shairi?
3. Jina Barzanji limetoka wapi?
4. Vyuo vilipofungwa, mashairi yaliwasaidiaje watu? Na kwa nini kinywa peke yake hakikutosha?
5. Je, katika kijiji chenu kuna mashairi au nyimbo ambazo mzee mmoja tu ndiye anayezijua? Ni nani atakayekwenda kuziandika, na lini?